Hapana Mutu Kulia mu Parseli Yangu

Jina yangu Kataliko. Niko mekano wa moto, pikipiki kama munapenda kusema vile, hapa Butembo, commune ya Kimemi. Na nasema mbele, juu kiisha musiseme niliwaficha: miye ni mutu wa hasira. Si hasira ya kupiga batu, hapana. Hasira yangu iko mu kinywa. Nikisema neno, nimesema, na hata kama neno yenyewe ni ya ujinga nitaisimamia mpaka jua inashuka. Pasteri wetu alinihubiria juu yake mara mingi. Siku moja nilimuacha anahubiri, nikaenda kufunga cheni ya moto ya mutu, nikarudi, nikamukuta angali anahubiri.

Mutoto wangu alikuwa mumoja, Kasonia. Bengine tulizaa, Mungu akabarudisha bangali badogo. Kasonia njo alibaki, na hata leo batu bananiita Papa Kasonia. Alikuwa murefu, mupole, mwenye kucheka chini chini sawa mutu mwenye eko mu kanisa. Upole ile alitosha, ni kusema alitoa, kwa mama yake, Agar. Kwangu hakutosha kitu, Mungu asifiwe.

Mwezi wa munane, mwaka elfu mbili, alifunga katoni mbili ya madawa ya farmasi nyuma ya Honda yake, akasema anaenda Beni, atarudi kesho yake. Hakufika Beni. Wakati ile, barabara ya Beni kila mutu wa bunduki alikuwa na kipande yake: askari Baganda hapa, Mai-Mai pale, na bengine benye hata jina hawana, nguo ya askari tu. Tuliuliza kila mutu. Shofere mumoja wa kamio, lori ile, alisema alisikia masasi, risasi, kwa mulima ya Kabasha ile asubui, mais lakini yeye alikuwa mbali, akageuza kamio, hakuona kitu. Maiti hakuna. Moto hakuna. Katoni hakuna.

Wiki ya tatu, jamaa bakakuya kwangu mu parseli, kiwanja ya nyumba yangu. Ndugu zangu, shemeji yangu wa Kalunguta, bamama ba kanisa, na Pasteri mbele yabo. Bakaikaa mu salon, bakakunywa maji, bakaangaliana. Pasteri njo alianza kusema.

"Papa Kasonia, tuikae matanga. Mama yake apate kulia."

"Atalia nani?" nikauliza. "Maiti iko wapi?"

"Haionekane."

"Na moto iko wapi?"

Pasteri akageuza glasi yake.

"Mutu, banaweza kumuficha mu pori," nikabaambia. "Moto, hapana. Moto inapiga kelele, inakula petroli, inaharibika, inatafuta mekano. Kama ile Honda ingekuwa mu mikono ya mutu mwengine, miye ningeshaisikia. Sauti yake naijua tangu iko mbali, juu kule Rughenda. Donc, basi, Kasonia eko juu yake. Alivuka Uganda. Eko Kasese, eko Mbarara, sijue, mais eko. Siku mutaniletea ile moto bila Kasonia, siku ile tutalia. Mbele ya pale, hapana mutu kulia mu parseli yangu!"

Nikapiga meza. Glasi ya Pasteri ikaanguka, ikavunjika. Agar akasimama, akaokota bipande moja moja, akaingia jikoni. Hakulia. Nikabaambia: muone, hata mama yake anasadiki.

Bakaenda. Na miaka tatu hapana mutu alilia kwangu. Agar alilima, alipika, aliimba mu koro ya bamama siku ya Mungu, alienda Kalunguta kwa kaka yake kutafuta maharagi, alirudi. Chumba ya Kasonia alifagia kila posho, kila wiki. Miye, kila mutu mwenye alitoka Uganda nilimuuliza. Muchuuzi mumoja aliniambia aliona kijana murefu kule Kasese, mwenye kufanana na yule wangu, anapakia ndizi. Ule muchuuzi nilimulaza kwangu siku tatu, nikamukulisha kuku. Siku ya ine nilimuuliza tena namna kijana alikuwa anacheka, akasema anacheka kwa nguvu, na meno yote inje. Nikamufukuza. Mais ndani ya roho nilisema, labda Uganda batu banajifunza kucheka.

Sasa nafika kwa siku yenyewe.

Ilikuwa mwaka elfu mbili na tatu, mwezi wa sita. Kinshasa ilikuwa imeshaanza kutuma batu yake Beni, ba bureau na balimu. Saa tatu ya asubui, mwalimu mumoja akafika kwa garaji yangu. Henri, mutu wa Kikwit, alifundishaka fizike kwa sekondari moja ya Beni. Moto yake ilipakwa rangi ya bulu, kiti ingine, gardebu, ile bati ya juu ya gurudumu, ingine, na nyuma eshapema mupya, ile tiyo ya kutosha moshi, inang'aa mpaka unafunga macho. Ilikuwa inapiga kelele mubaya, wazi wazi. Niliisikia inapanda barabara, na nilisema ndani ya roho: ule mutu anatesa batu masikio. Njo ile tu nilisema.

"Mbote, Papa mekano. Miye nafundisha fizike Beni. Banasema ku Butembo muzima weye njo unajua moto."

"Banasema kweli. Shida nini?"

"Tangu nilitia hii eshapema, moto iko na kigugumizi. Nikifungula gazi pole pole, inaenda bien. Nikifungula kwa nguvu, inakohoa, inakufa kidogo, kiisha inaamuka. Juzi kwa mulima ilinifanya vile, nikakaribia kuanguka mu korongo."

Nikacheka. "Na weye unafundisha fizike?"

Akacheka naye. Alikuwa mutu muzuri, sitasema uongo. Nikamuelezea. Eshapema ya zamani inakamata moto pua kidogo. Hii mupya iko wazi, moto inapumua hewa mingi, mais petroli yenye inapata ni ile ile ya zamani. Hewa mingi, petroli kidogo, lazima ikohoe. Nikatosha buji, ile plagi ya kuwasha petroli, nikamuonyesha ncha yake: mweupe sawa chaki. "Unaona? Buji ya moto yenye kushiba inakuwa rangi ya matofali. Hii iko na njaa. Tutafungula karbirateri, tutaongeza tundu ya jikleri, saa sita utakuwa njiani."

Jikleri, kwa mutu mwenye hajui, ni kashaba kadogo ndani ya karbirateri, kadogo kuliko ncha ya kidole ya mutoto, na katikati kako na tundu fasi petroli yote ya moto inapita. Ukipunguza ile tundu, moto inakunywa kidogo. Ukiongeza, inakunywa mingi.

Henri akaikaa kwa banki yangu ya mbao, akatosha makaratasi ya interro ya banafunzi na kalamu nyekundu, akaanza kusahihisha huku anatikisa kichwa. Miye nikafunga robine ya petroli, nikatosha karbirateri, nikageuza, nikafungula kikombe yake ya chini.

Mu tundu ya jikleri kulikuwa waya.

Ngoja niseme ile waya, juu hapa njo neno yote iko. Mu miaka ya vita petroli ilikuwa shida kubwa. Ba kadafi, bale benye kuuzisha petroli mu machupa barabarani, siku ingine balikuwa nayo, siku ingine hapana, na siku ingine ilikuwa nusu maji. Sisi mekano ba Butembo tukajifunza kamusaada kadogo: unavuta waya moja ya shaba, nyembamba sawa unywele, ndani ya kamba ya umeme, unaipitisha mu tundu ya jikleri, unakunja ncha zote mbili juu isianguke. Tundu inapungua, moto inakula petroli kidogo. Bote balifanya. Ubaya wake ni moja: ukifungula gazi kwa gafla, moto inakosa pumuzi. Inakohoa mbele ya kwenda.

Kila mekano anakunja waya yake namna yake. Miye, kidole gumba yangu ya kuume iliingia mu cheni zamani, haikunjike tena. Ninakunja na mukono ya kushoto, mizunguko mbili, kinyume, na ncha ninailaza mu kale kamufereji ka tournevis, fasi bisibisi inaingia. Bengine bananicheka, banasema Kataliko anafunga waya sawa mutu anafunga nguo ya ndani mu giza. Mu Butembo yote hakuna mwengine anafunga vile.

Ile waya ilikuwa imefungwa vile.

Nikaiangalia. Nikaiweka karibu na macho, nikaiweka mbali. Nikasema, hapana, nilitengeneza moto mingi, nilitia waya mingi. Nikalala chini pembeni ya moto, nikakwangua rangi ya bulu chini ya tanki na kisu. Chini yake nyekundu. Nikaangalia fasi ya kukanyaga, mukono ya kushoto. Soudure, kuchomelea kwangu, ilikuwa pale, mubaya, yenye vipele, ile nilipiga siku umeme ilikuwa inakatika katika na Kasonia alikuwa amesimama juu yangu anashika bougie, mushumaa ile, anasema, "Tata, inatosha, itashika." Ilishika.

Wee! Miye mwenye kusema ningeisikia tangu Rughenda. Ilipanda barabara yangu, ikasimama mbele ya pua yangu, nikacheka na mwenye kuipanda.

Nikasimama. Nikakamata ufunguo ya kumi na tisa, spana ile murefu, nikaenda mbele ya Henri. Sijue nilitaka kufanya nini nayo.

"Moto hii ulitosha wapi?"

Akainua kichwa. Akaona ufunguo. Kalamu ikaanguka.

"Papa, nilinunua. Niko na karatasi." Akatafuta mu sakoshi yake ya begani. "Kwa ajenti mumoja wa Beni mwenye alirudi Kinshasa. Yeye aliipata kwa askari. Askari gani, sijue. Papa, nakuapia kwa Mungu, miye nilifika Beni mwezi wa kwanza ya huu mwaka."

"Na juu ya nini ulibadilisha eshapema?"

"Ilikuwa na matundu. Tatu. Nilifunga na bati ya mukebe ya maziwa, mais ilikuwa inapiga kelele sana. Banafunzi bananicheka."

"Matundu ya nini?"

Akakunja karatasi yake. Kiisha akasema pole, na Kiswahili yake ya shida: "Ya masasi, Papa. Yote ilitoka nyuma. Gardebu pia ilikuwa vile, njo ile nilibadilisha."

Nyuma. Donc mutoto wangu alikuwa anakimbia. Alibaona batu ba bunduki, akageuza ao akapita, akafungula gazi yote, mu mulima ya Kabasha, fasi moto inahitaji nguvu yake yote. Na moto ikakohoa. Ikakufa kidogo mbele ya kuamuka. Ni muda kidogo tu, mutu anaweza kuhesabu moja, mbili. Bale benye bunduki balikuwa na ile moja, mbili.

Nikaacha ufunguo ianguke. Nikarudi kuikaa chini pembeni ya karbirateri.

Mais si ile njo ilinivunja. Nisikilizeni. Posho moja mbele ya kwenda, Kasonia alinikuta hapa hapa, akaniambia, "Tata, moto inameza mate nikifungula gazi. Tuitoshe ile waya." Na miye, kinywa yangu hii, nikamujibu: "Petroli utachota mu kisima ya mama yako? Waya inabaki. Na siku utagusa karbirateri yenye miye nilifunga, hapana kukanyaga tena garaji yangu." Akacheka chini chini, akaenda.

Yeye alikomelea tangu utoto mu garaji. Karbirateri alijua kuifungula mu dakika kumi, na macho imefungwa. Angesimama fasi yoyote njiani, angeitosha, angetupa mu majani, na miye singejua hata siku moja. Kijana mwengine yeyote angefanya vile. Miaka tatu, kila mara mawazo ya waya ilikuya, niliifukuza na ile: aliitosha tu, hakuna kijana mwenye kusikiliza baba yake vile. Nilimutumainia kwamba alinidanganya.

Hakunidanganya. Waya ilikuwa pale, na mizunguko yangu mbili. Alinisikia, mwanangu. Alinisikia mpaka Kabasha.

"Papa," Henri akasema, "uko na malaria? Umeikaa mu vumbi."

"Nenda kunywa chai," nikamuambia. "Kwa ule mama wa pale ngambo. Rudi nyuma ya saa moja."

Akaenda, anaangalia nyuma. Na miye nikafanya kazi. Mutaniuliza juu ya nini nilifanya kazi. Sijue kufanya kitu ingine. Nikatosha waya. Nikapanua tundu ya jikleri kidogo kabisa na ncha ya lime, ile tupa nyembamba, napuliza, naangalia kwa mwanga ya jua, napuliza tena. Nikapandisha sindano ya petroli alama moja. Nikarudisha karbirateri, nikakaza klipsi, nikafungula vis, skrubu ya hewa, zunguko moja na nusu, nikawasha, nikasikiliza, nikarudisha robo. Mikono ilikuwa inafanya yenyewe. Machozi hakuna. Mwili yote ilikuwa imekauka.

Kiisha nikapanda ile moto, kuijaribu. Lazima kuijaribu, njo kazi.

Nilichukua mulima ya kupanda Rughenda. Chini ya mulima nikapunguza, nikatia vitesi, gia, ya pili, nikafungula gazi yote kwa mara moja, kwa ngumi.

Ikaenda. Mungu wangu, ikaenda! Haikukohoa hata kidogo. Ilinivuta mikono, upepo ikaniingia kinywa, bamama benye kubeba makala ya kupikia bakaruka pembeni bananitukana. Nikarudia. Nikasimama chini, nikafungula kwa gafla, ikaenda. Mara tatu, mara ine, ikaenda. Na kila mara nilikuwa napiga kelele, bamama bale baliniambia kiisha. Banasema nilikuwa naita, "Kimbia! Kimbia!" Miye siikumbuki.

Juu ya mulima nikazima, nikatosha buji. Rangi ya matofali. Ilikuwa sawa sawa kabisa, kazi muzuri kuliko zote nilifanya mu maisha. Nikaikaa pale pembeni yake fasi ya majani. Niliwaza kuipeleka nyumbani, nani angenizuia? Mais makaratasi ya batoto ba batu bengine ilikuwa kwa banki yangu. Nikarudi.

Henri alinikuta nasafisha mikono. Akapanda, akajaribu mbele ya garaji, akarudi na furaha ya mutoto.

"Eh, Papa! C'est autre chose, ni kitu ingine! Donc shida ilikuwa eshapema?"

"Hapana. Eshapema ilionyesha tu shida. Ilikuwa hii." Nikamuonyesha waya mu kiganja.

Akaiinamia na manetu, miwani yake. Akaelewa haraka, ni mutu wa fizike. "Mais mujinga gani alitia hii?"

"Mekano mumoja wa Butembo."

"Ukimuona, umuambie. Mambo kama hii inaweza kuua mutu."

"Nitamuambia," nikasema.

Akanishika mukono na mikono mbili, akanishukuru sana, akaenda. Niliisikia moto mpaka ikapotea nyuma ya soko. Sikumuambia kitu. Alikuwa ametoka mbali, alikuwa na interro ya kusahihisha, ningemupa maiti yangu abebe juu ya nini?

Nikafunga garaji saa saba ya muchana. Batu ba barabara bakaangalia, juu hata siku ya Noeli siifunge saa saba. Nikaingia mu parseli. Agar alikuwa nyuma ya nyumba, ameikaa kwa mukeka, anachagua maharagi mu sinia. Nikasimama mbele yake. Nilijitayarisha njiani yote namna ya kusema, na yote ikapotea.

"Mama Kasonia," nikasema, "leo unaweza kulia. Moto ilirudi."

Mikono yake ikasimama. Nilingoja apige kelele. Nilingoja ajitupe chini sawa bamama banafanyaka. Akaweka sinia pembeni, pole, akanionyesha mukeka.

"Papa Kasonia, ikaa."

Nikaikaa.

"Sisi tulishalia," akasema.

"Sisi nani?"

"Sisi bote. Kwa kaka yangu, Kalunguta. Mwezi wa kumi ya ule mwaka. Nilichukua shati yake mweupe ya koro, tukafunika nayo mugomba ya ndizi, tukaulaza mu sanduku, tukazika nyuma ya nyumba. Sawa bazee banafanya kama maiti haionekane. Tulilala kule siku ine. Weye nilikuambia naenda kuvuna maharagi."

"Na Pasteri?"

"Pasteri njo aliomba. Alisema Mungu anajua kama si mugomba tunazika."

"Na ndugu zangu?"

"Balikuwa."

"Na majirani? Na ule mama wa chai?"

"Papa Kasonia." Akaangalia mikono yake. "Kimemi yote ilikuwa, kila mutu na siku yake. Tulikubaliana hapana mutu kukuambia."

Bote. Bale benye kunisalimia kila asubui, wavukire, wavukire, na kuniuliza habari ya Uganda. Balinisikiliza nasema Kasese, Mbarara, banatikisa kichwa, na baliporudi kwabo balisema, maskini. Miaka tatu nilikuwa mutoto wa mwisho mu Butembo, ule banafichaka mambo.

"Juu ya nini hamukuniambia?"

"Tungekuambia namna gani? Ulishasema."

Nikangoja hasira. Naijua, inaanziaka hapa chini ya mbavu, inapanda. Haikukuya. Kulikuwa wazi tu, sawa fasi banatosha meza. Na pale, kama ningekuwa mutu mwenye akili, ningenyamaza. Yeye alikuwa amemaliza. Alizika, alilia, alijifunza kuikaa na ile kitu yake. Mais miye sikuzoea kunyamaza, na sikuzoea kubeba kitu peke yangu. Nikafungula mukono, nikaweka waya juu ya maharagi.

"Ni miye nilimuua," nikasema. Nikamuambia yote: matundu ya nyuma, mulima, kukohoa, na namna alinisikia.

Agar hakugusa ile waya.

"Ni ile ya kupunguza petroli?" akauliza.

"Unaijua?"

"Ile asubui ya kwenda, alikuya jikoni." Akaokota haragi moja. "Alisema, Mama, weye Tata anakusikiaka kidogo, umuombe atoshe waya ya moto, miye naogopa. Weye, Papa Kasonia, ulikuwa unavaa viatu, ulikuwa umeamuka mubaya, ulikuwa unatukana kamba ya kiatu. Nikamuambia, nenda tu, mwanangu. Ukirudi, nitamuomba."

Akafunika kinywa na mikono mbili. "Nitamuomba," akasema tena ndani ya mikono. "Nilimuambia, ukirudi."

Na akalia. Alilia kwa sauti yenye sikuwahi kusikia kwake, hata siku ya kuzaa, hata siku tulizika bale badogo. Sinia ikapinduka. Nilitaka kumushika, akanisukuma, akalala uso chini mu maharagi, anaita jina ya mutoto.

Majirani bakasikia. Bakatoka mu manyumba, bamama na mikono ya unga, babaume, bote bakakimbia mpaka kwa mulango ya parseli yangu, na pale bakasimama. Hapana mumoja alikanyaga ndani. Baliniangalia miye. Mama wa chai alikuwa mbele, anauma kitambaa yake, machozi inashuka, na muguu yake ilikuwa bado inje.

Nikaenda kwa mulango, nikaufungula yote. Nikafanya ishara na mukono tu. Bakapita kando yangu mumoja mumoja, bakaenda kwa Agar, bakamuinua, bakamuzunguka, kilio ikajaa nyuma ya nyumba. Miye nikabaki pale kwa mulango. Nilifungula kinywa mara mbili, nikaifunga. Nilikuwa sijue mutu anaanzaka kulia namna gani.